Ziwa Tanganyika: Kabla ya Kukata Tiketi ya Kigoma, Angalia Miezi Miwili

Safari yangu ya kwanza Kigoma niliipanga Julai, na nilijiona mjanja. Kiangazi, mvua hakuna, njia za msituni kavu. Asubuhi ya pili nikateremka mwaloni Katonga kutafuta dagaa wa kubeba nyumbani. Mchanga wa kuanikia ulikuwa mtupu. Mama mmoja alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa juu chini, anashona pindo la wavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dagaa hamna. Umekuja mwezi mbaya."

"Mbona nimeambiwa Julai ndiyo mwezi mzuri?"

Akacheka, akanyoosha sindano yake upande wa ziwa. Mwezi mpevu ulikuwa bado haujazama, umening'inia juu ya ukungu wa upande wa Congo, umepauka kama kipande cha mhogo. "Sisemi wa kalenda. Nasema huo hapo."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimefanya nusu tu ya hesabu. Nimerudi mara kadhaa tangu siku hiyo, mvua na jua, na kila mtu anayeniuliza "niende lini Tanganyika?" namrudisha kwenye hatua hizi.

Hatua ya kwanza: taja kitu kimoja unachokiendea

Watu wengi hujibu "vyote". Vyote havipatikani katika wiki moja, kwa sababu ziwa lenyewe ni nchi nzima. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, kutoka Burundi kaskazini hadi Zambia kusini, Tanzania ikiwa mashariki na Congo magharibi. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani ni Baikal pekee inayolizidi. Hali ya hewa ya Kigoma mjini leo haikuambii mengi kuhusu Kasanga, kule karibu na mpaka wa Zambia.

Basi chagua. Je, ni sokwe wa Gombe au Mahale? Taa za wavuvi wa dagaa usiku? Kuogelea na kutazama samaki wa rangi kwenye miamba? Maporomoko ya Kalambo? Au unataka tu kukaa Ujiji, ule mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, utazame jua likizama? Kila kimoja kina msimu wake, na baadhi zinagongana. Ukishataja kimoja, vingine vihesabu kuwa nyongeza. Ukivipata, alhamdulillah.

Hatua ya pili: ujue mwaka wa ziwa unavyokwenda

Mtu wa Dar au Tanga amezoea vuli na masika, mvua mbili zenye kiangazi katikati. Kigoma siyo hivyo. Kule kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ambao katikati yake, karibu na Januari na Februari, hupata wiki za nafuu. Kisha kunakuja kiangazi kisicho na mchezo: Juni, Julai na Agosti unaweza kumaliza bila kuona tone.

Kiangazi ndicho ambacho vipeperushi vyote vya utalii hukisifu, na sehemu kubwa wanasema kweli. Wasichokutajia ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba ziwa linatawaliwa na kusi, upepo unaotoka kusini mashariki na kupita juu ya maji kwa urefu wake wote. Ukiwa umesimama gatini unaona ni upepo wa kupendeza. Ukiwa ndani ya boti ya mbao yenye abiria, magunia, kuku na godoro la mtu, unaona tofauti. Niliwahi kutoka Kibirizi siku ya kusi nikiwa nimevaa shati kavu, na nilipofika Gombe nililikamua kama dekio.

Kusi hufanya kazi nyingine ambayo macho hayaioni. Huyasukuma maji ya juu, yaliyo moto, kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi ya chini yanapanda kuziba nafasi, yakibeba virutubisho vilivyokuwa vimelala kilindini. Vijimea vya majini vinaneemeka, wadudu wadogo wanavifuata, dagaa wanawafuata wadudu, migebuka wanawafuata dagaa. Upepo ukitulia mwishoni mwa Septemba, yale maji yaliyorundikwa kaskazini hayarudi mara moja yakalala. Yanayumba huko chini, kwenda na kurudi, kama maji ya beseni lililogongwa, kwa majuma mengi. Ndiyo maana wavuvi wanaweza kukuambia kwamba juzi samaki walikuwa tele na leo hakuna, na wasiwe wanakudanganya.

Kitu kingine cha kiangazi ni moshi. Mapori yanachomwa pande zote mbili za ziwa, vumbi linaungana na moshi, na kufikia Agosti milima ya Congo inafutika kabisa. Unatazama magharibi unaona maji yanaishia kwenye weupe, utadhani uko baharini. Anayependa machweo hafai kulalamika, maana jua la Agosti Kigoma huzama likiwa jekundu kama mawese, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Ila kama unataka picha ya milima ya ng'ambo, umekuja wakati mbaya. Usiku wa Juni na Julai nao una baridi ambayo mtu wa pwani haitarajii. Beba sweta.

Oktoba ni mwezi wa joto. Upepo umekwisha, mvua bado inanguruma kwa mbali. Wakati mwingine, baada ya kusi kutulia, mwani huzaliana kwa wingi na maji ya ufukweni yanageuka kijani kwa siku kadhaa.

Msimu wa mvua watu wanauogopa kupita kiasi. Mvua ya Kigoma kwa kawaida hainyeshi kutwa. Inajikusanya, inapiga kwa saa moja au mbili kwa radi za kutetemesha bati, halafu inaondoka na jua linatoka. Saa hiyo, baada tu ya mvua, hewa imeoshwa. Milima ya Congo ambayo Agosti haikuwepo sasa iko mbele yako, na ingawa ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi kwa wastani, unaweza kuhesabu mikunjo ya mabonde. Hakuna picha ya kiangazi inayofanana na hiyo.

Hatari ya msimu huo ni dhoruba za ghafla. Ziwa lililokuwa kama kioo saa nane linaweza kuwa na mawimbi ya kupindua mtumbwi kufikia saa tisa. Wingu jeusi likianza kujikusanya juu ya maji, nahodha mwenye akili hageuki kukuuliza maoni yako, anageuza chombo. Ukimwona wako anaendelea kwa sababu umemlipa, mwambie mwenyewe arudi.

Na kuna kina cha maji. Mvua ya miezi sita huliinua ziwa polepole, na huwa juu zaidi Aprili na Mei, kisha linashuka hadi mvua nyingine zinapoanza. Miaka ya karibuni limekuwa juu kupita kawaida. Mwaka 2024 maji yaliingia kwenye makazi ya pwani, hasa upande wa Bujumbura. Kwa msafiri maana yake ni ndogo lakini inaudhi: ufukwe mpana uliouona kwenye picha ya zamani unaweza kuwa umebaki ukanda wa hatua tano, miti imesimama majini. Kabla ya kulipia nyumba ya wageni kwa sababu ya mchanga wake, omba picha iliyopigwa wiki hiyo.

Hatua ya tatu: angalia mwezi wa angani

Hii ndiyo hatua iliyonipita, na ndiyo ambayo sijaiona kwenye kipeperushi chochote.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Wavuvi hufunga mitumbwi miwili pamoja kwa magogo, wanaacha nafasi katikati, wanashusha wavu chini kabisa, kisha wanawasha taa na kusubiri. Mwanga huwavuta wadudu wa majini, na dagaa hupanda kuufuata. Wavu ukivutwa unapanda nao. Usiku wa giza, kutoka kilima chochote cha Kigoma, unaona ziwa limejaa taa hadi macho yanapoishia. Mgeni niliyekuwa naye safari moja aliniuliza ule ni mji gani.

Mwezi ukiwa mpevu hakuna kitu. Mbalamwezi inamulika ziwa zima, taa ya mvuvi haina cha kuwaambia dagaa, na wenyewe wanatawanyika. Wavuvi wengi hupumzika siku hizo, wanashona nyavu, wanapaka lami mitumbwi, wanalala na familia zao. Sokoni dagaa wabichi wanaadimika na bei inapanda.

Namna rahisi ya kuhesabu ni kutumia kalenda ya Kiislamu, ambayo Ujiji utaikuta ukutani karibu kila duka. Mwezi wa Kiislamu huanza mwezi unapoandama, kwa hiyo tarehe yake ndiyo umri wa mwezi. Kuanzia tarehe 25 hivi hadi tarehe 5 ya mwezi unaofuata ni giza, na hapo ndipo taa zinapokuwa nyingi. Kuanzia tarehe 11 hadi 18 achana nazo. Tarehe za katikati ni nusu kwa nusu: mwezi ukichomoza usiku wa manane, wavuvi wanafanya kazi kabla yake, na ukizama mapema, wanasubiri uzame.

Kwa mfano halisi, mwaka 2026 mwezi mpevu unaangukia 28 Agosti na giza linarudi karibu na 11 Septemba. Anayetaka taa mwaka huo apange kulala ziwani kati ya 5 na 16 Septemba. Anayefika 27 Agosti atarudi nyumbani akiwaambia watu Kigoma hakuna kitu.

Ukitaka kuona dagaa wakishushwa na siyo taa tu, amka. Mitumbwi hurudi alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu mwalo umeshachangamka: ndoo zinahesabiwa kwa sauti, wachuuzi wanabishana, vijana wanakimbia na mabeseni kichwani maji yakiwachuruzika mgongoni. Kufikia saa tatu dagaa wamemwagwa juani, mchanga mzima unang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa, na kelele imehamia kwingine.

Hatua ya nne: ulizia kama uvuvi umefungwa

Nchi nne za ziwa zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wa Tanzania zikasimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ni miezi mitatu, na ni ileile ambayo mgeni anaambiwa ndiyo bora. Sipingi uamuzi huo. Samaki walikuwa wamepungua na kila aliyekaa mwaloni alikuwa akilisema. Lakini msafiri anayeendea taa au anayetaka kula dagaa wabichi lazima ajue. Kabla ya kukata tiketi ya kati ya Mei na Agosti, piga simu kwa nyumba ya wageni au mtu yeyote unayemfahamu Kigoma, uliza: "Mwaka huu wanafunga ziwa? Lini na lini?" Dakika mbili tu.

Ziwa likifungwa, vingine havifungwi. Sokwe wapo, maji ya kuogelea yapo, boti za abiria zinakwenda. Ukifika kipindi hicho, usitegemee samaki wa bei nafuu kwenye mgahawa, na usimshawishi mvuvi yeyote akupeleke "kidogo tu".

Hatua ya tano: kama ni sokwe, chagua hifadhi kwanza, msimu baadaye

Gombe na Mahale watu huzitaja kwa pumzi moja, lakini zina tabia tofauti.

Gombe ni ndogo na iko karibu, kama kilomita 16 kaskazini mwa Kigoma. Huko ndiko Jane Goodall aliposhuka kutoka kwenye boti tarehe 14 Julai 1960, na utafiti alioanzisha unaendelea ingawa mwenyewe alifariki Oktoba 2025. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ni miteremko mikali inayoanzia majini na kupanda moja kwa moja. Hapa msimu una pande mbili. Wakati wa mvua sokwe hawatembei mbali sana, hivyo kuwapata kunaweza kuwa rahisi, ila njia zinateleza na mwanga wa picha ni hafifu chini ya miti. Kuanzia Julai hadi Oktoba njia ni kavu na picha zinatoka vizuri, lakini unaweza kupanda kwa saa nyingi kuwafuata. Mimi kwa Gombe napendelea kiangazi, kwa sababu moja tu: niliwahi kuteleza pale Machi, nikashuka kwa makalio sehemu ya mlima niliyoipanda kwa nusu saa. Mwenye magoti mazuri asinisikilize. Maporomoko ya Kakombe yanapendeza zaidi mvua zikiwepo.

Mahale ni habari nyingine. Iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,613, na mlima wake Nkungwe unafika mita 2,462. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi huko mwaka 1965, na ikawa hifadhi mwaka 1985. Hakuna barabara za magari ndani yake, unatembea kwa miguu au kwa boti. Kwa Mahale sina pande mbili: nenda kiangazi, na ikiwezekana kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Oktoba, sokwe wanapokuwa wakishuka miteremko ya chini. Mvua zikikolea kambi nyingi za wageni hufunga, na barabara ya udongo ya kuelekea Kalya inakuwa tope la kumeza gari.

Kuna jambo la msimu ambalo linawaharibia watu safari bila kutarajia, nalo ni mafua. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na wapo waliokufa kwayo, kwa hiyo utavalishwa barakoa, utawekewa umbali, na muda wako mbele yao ni saa moja. Ukionekana unakohoa, hupandi. Sasa chukua baridi ya usiku wa Julai, ongeza vumbi la safari ya basi kutoka mbali, ongeza kulala dirisha wazi. Nimemwona mtu amelipa kila kitu akabaki kambini akinywa tangawizi. Fika Kigoma siku mbili kabla, pumzika, funika kifua. Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuata sokwe, uliza umri unaokubaliwa kabla ya kubeba familia. Malipo yote ya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo unayopewa, siyo fedha mkononi, kwa hiyo yamalize mjini mtandao ukiwepo.

Hatua ya sita: kama ni kuogelea

Joto la maji halikupi sababu ya kuchagua mwezi, maana juu hukaa kati ya nyuzi 24 na 29 mwaka mzima. Angalia upepo na matope. Nje ya kusi, mbali na midomo ya mito, maji yanaweza kuwa maangavu hadi unaona jiwe lililo mita kumi chini. Vaa miwani ya kuogelea, elea karibu na miamba, utazame samaki wadogo wa milia, wa manjano, wa buluu, kila mmoja analinda jiwe lake kama mwenye nyumba. Kuna aina zaidi ya 200 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani popote duniani isipokuwa humu. Januari na Februari, kwenye zile wiki za nafuu, zimenipa maji mazuri kuliko Agosti yoyote. Asubuhi ndiyo saa yake.

Kichocho kipo. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu vinakuwa vingi karibu na makazi ya watu. Ogelea kwenye miamba iliyo mbali na vijiji, usikae majini muda mrefu bila sababu, na ukirudi nyumbani, baada ya miezi miwili hivi, nenda kapime hata kama hujisikii kitu. Tiba yake ni vidonge na ni rahisi. Mamba wako zaidi kwenye midomo ya mito, hasa Malagarasi, kwa hiyo uliza wenyeji kila mahali mapya. Kuna pia swila wa majini, anayekula samaki na hana haja na wewe. Ukimwona, mwache apite.

Hatua ya saba: usafiri nao una msimu

Treni ya Reli ya Kati ndiyo njia ninayoipenda, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi ziwani, kupitia Tabora. Wakati wa mvua kubwa usiifunge safari yako nayo bila akiba ya siku. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinajulikana kwa kuliwa na mafuriko, na treni ikisimama huna la kufanya. Kiangazi haina neno. Ndege ni ya saa chache lakini bei inapanda ukichelewa kukata.

Desemba mabasi yote yanajaa, kwa sababu watu wa Kigoma walioko Dar, Mwanza na kwingineko wanarudi kwao kula sikukuu. Kama huna ndugu wa kumtembelea, epuka kuanzia 15 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari. Kama unaye, ungana nao. Embe za Ujiji nazo huiva kuelekea mwisho wa mwaka, na hilo kwa wengine ni sababu ya kutosha. Kokote utakakopanda gari, kitambulisho kiwe mfukoni, si kwenye begi lililo juu ya keria. Mkoa huu unapakana na nchi nyingine na ukaguzi njiani ni wa kawaida.

Kuhusu meli, kila mtu anataka kupanda Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kurudi majini. Imekaa muda mrefu ikisubiri na kufanyiwa ukarabati. Usijenge ratiba juu yake mpaka umethibitisha bandarini kwamba inasafiri wiki unayoitaka.

Kusini nitapita haraka. Anayeendea maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, aende Mei au Juni, mvua zimekwisha na mto bado una maji. Kufikia Oktoba maji yamekuwa uzi. Kwa kuwa kule ndiko kusi huleta maji baridi juu, usishangae ukioga Kasanga Julai ukatetemeka.

Sasa weka alama kwenye kalenda

Ukinibana nitaje wiki moja tu kwa mtu ambaye hajawahi kufika, nitasema wiki ya giza katika Septemba. Kusi limeanza kuchoka, uvuvi umefunguliwa hata kama ulifungwa, njia za Gombe na Mahale ni kavu. Moshi utakuwepo, uvumilie. Kwa aliyekwisha kufika na anataka kuliona ziwa lenyewe, bila sokwe wala taa, nitamwambia mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni: mvua imeondoka, majani bado mabichi, milima ya ng'ambo haijafutika. Na kwa mkaidi asiyependa kukutana na wageni wenzake, Februari, na mwavuli.

Ukishafika, saa ndizo zitakazokuamulia. Boti za abiria za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo na Kagunga hutoka Kibirizi kuelekea adhuhuri na kurudi alfajiri ya siku nyingine. Ni za bei ndogo na hazina haraka. Ukikodi boti yako, omba kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, na hakikisha kila mtu ana jaketi la kuokolea mwilini, si lililokaliwa kama mto. Jioni ya kuamkia safari mpigie nahodha. Ukimsikia anasema "tutaangalia upepo asubuhi", usimbane akupe jibu jingine, na usimtafute mwingine anayesema ndiyo upesi.

Kwa ajili ya asubuhi kama hiyo, siku yako ya akiba iweke mwisho wa safari, baada ya Gombe au Mahale na kabla ya ndege au treni ya kurudi. Watu wengi huiweka mwanzoni, wanaimaliza mjini wakinywa soda, halafu kusi linawafungia hifadhini siku ambayo tiketi yao inaondoka Kigoma bila wao.